Pongezi kwa Wanaowataja Malkia wa Benga

Watangazaji na wachambuzi wa muziki wa Kikuyu wanaosikilizwa Nyeri, Karatina, Murang'a na Kerugoya wanastahili pongezi kila wanapomtaja mwanamke mahali pake halisi, wala si katika fungu la pembeni. Jane Nyambura, yaani Queen Jane, alianza katika bendi ya mwanamuziki Musaimo kisha akaunda yake. Uzito wake uko hapo: hadi alipofariki mwaka 2010, alikuwa amethibitisha kwamba mwanamke anaweza kuongoza bendi ya muziki wa benga badala ya kuitikia tu. Anayemsifu kuwa bora "miongoni mwa wanawake" anampunja, hata kwa nia njema. Vivyo hivyo Catherine Muthoni: bila sauti yake, nyimbo alizoimba na kaka yake Joseph Kamaru zisingekuwa majibizano, na mchambuzi mwaminifu huwataja wote wawili.

Wapo wanaosema kupanga wanamuziki kwa daraja ni ladha tu, na kwamba soko limekwisha kuamua. Lakini soko hupima mauzo. Haliulizi nani alimfungulia nani njia. Huko Marekani, mwimbaji Sister Rosetta Tharpe alirekodi kwa gitaa la umeme kabla ya Elvis Presley, akafariki 1973, na Jumba la Heshima la Rock and Roll halikumwingiza hadi mwaka 2018. Mchambuzi anayerudi kwenye rekodi zenyewe, akasikiliza nani anaanzisha na nani anafuata, huzuia ucheleweshaji wa namna hiyo. Queen Jane anastahili kusikilizwa hivyo sasa, wakati wapiga ala waliomsindikiza wangalipo kusimulia.