Hati Ukutani: Kuisoma "Nitaolewa Nikipenda" kutoka Kiamaiko

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyoigizwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina Nitaolewa Nikipenda, aghalabu huhakikiwa kama mgogoro wa matabaka. Mtazamo huo una mashiko. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba kiini cha mgogoro wenyewe kimo katika kifaa kimoja cha jukwaani: hatimiliki ya ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani kwa Kĩgũũnda.

Kwa Kĩgũũnda, hati ni ngao. Kwa Kĩoi, tajiri anayeshirikiana na wageni wanaotaka kujenga kiwanda cha dawa za wadudu, ni mlango. Hatumii mabavu: Kĩgũũnda anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani, akope benki, aweke shamba rehani. Mkopo unapomshinda, shamba linapigwa mnada. Kinaya ni kwamba anaporwa kwa karatasi ile ile aliyodhani inamlinda.

Msomaji wa Kiamaiko, mtaa wa soko na machinjio ya mbuzi jirani na Huruma na Mathare, ana swali jingine. Wengi mtaani humo ni wapangaji wasio na hati ya kutundika. Je, asiyekuwa na hati ana haki gani? Swali hili si la nadharia tupu: baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba za kandokando ya mto zilibomolewa Mathare.

Tamthilia inalikaribia swali hili bila kulijibu. Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwandani, anahimiza umoja. Lakini umoja si paa. Gathoni, anayefukuzwa na babake na kuishia kuhudumu katika baa, ndiye wa kwanza katika aile hiyo kuishi bila ardhi, na wahakiki wamezoea kumwona kama funzo la maadili tu.

Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba maskini waliojenga makao katika ardhi ya umma hawapati milki, bali hupata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Kĩgũũnda alikuwa na milki bila ulinzi. Wahakiki tuliosikitikia hati yake hatuna budi sasa kumuuliza Gathoni analala wapi.