Kicheko Chenye Machozi

Kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza. Msiba huwaliza wengi kwa pamoja, lakini mzaha mmoja humfurahisha huyu na kumchukiza yule. Kwa hiyo, mtu aliyeuchekesha ulimwengu kwa nusu karne aelezapo kazi yake, yatupasa kumsikiliza; na tukisha kumsikiliza, yatupasa kumpima.

Mtu huyo ni Charlie Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889, akafa Uswisi mwaka 1977. Alitunga, akaongoza, na akacheza mwenyewe katika picha zake za sinema. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1964, alipokuwa mzee wa miaka 75. Humo asimulia kwamba utotoni, huko London, alimwona kondoo akiwaponyoka watu waliokuwa wakimpeleka machinjoni. Watu walimkimbiza, wakaanguka, na watazamaji wakacheka, naye akacheka. Lakini kondoo alipokamatwa, mtoto yule aling'amua mwisho wa safari ile, akamkimbilia mama yake akilia. Chaplin ajiuliza kama tukio hilo halikuwa mbegu ya michezo yake yote.

Michezo yenyewe yamjibu kuwa ndivyo. Katika The Gold Rush, wa mwaka 1925, mtafuta dhahabu mwenye njaa apika kiatu chake, akakila kwa adabu ya mgeni karamuni. Twacheka kwa sababu ya ile adabu; ukiiondoa, hubaki njaa tupu. Chaplin aliujua ufukara: alipokuwa na umri wa miaka saba aliingia nyumba ya mafukara pamoja na mama yake na kaka yake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo zito zaidi kitabuni lahusu The Great Dictator, mchezo wa mwaka 1940 uliomdhihaki Hitler. Chaplin akiri kwamba lau angalijua unyama halisi wa kambi za Wanazi, asingaliweza kuutengeneza. Maneno hayo ni ya mtu mwenye huruma, lakini hayatoshi kuuhukumu mchezo. Yeye mwenyewe alicheza nafasi mbili: dikteta, na kinyozi Myahudi anayeonewa. Dikteta acheza na mpira wenye sura ya dunia mpaka wampasukia. Hapo twamcheka yeye na tamaa yake. Kinyozi twacheka pamoja naye, wala hatuyacheki mateso ya watu wake. Dhihaka impigayo mwenye nguvu humvua kitisho chake. Dhihaka impigayo mnyonge humwongezea mzigo. Mchezo huu ni wa namna ya kwanza.

Kitabu kina kasoro. Kurasa nyingi za mwisho zajaa watu mashuhuri aliokutana nao, na kazi yake yapewa nafasi ndogo. City Lights, uliotoka mwaka 1931, ulimchukua zaidi ya miaka miwili, akirudia mara nyingi mno kipande cha msichana kipofu auzaye maua. Msomaji angependa kukaa naye hapo kuliko mezani kwa wakubwa.

Hata hivyo, kitabu chatuachia kipimo chema. Mwenzako ajikwaapo na darasa zima likaangua kicheko, mkumbuke yule kondoo: mbio zake zilichekesha, lakini mwisho wake ulikuwa kisu.