"Mtoto alizaliwa amechoka": kauli inayoficha ugonjwa



Kwetu mtoto akipata mtindio wa ubongo, maelezo huwa mafupi: "alizaliwa amechoka." Basi, faili limefungwa. Mimi nina ugomvi na kauli hii. Inataja hali aliyotoka nayo mtoto, haisemi kilichomchosha. Matokeo yake lawama humwangukia mama, eti hakusukuma vizuri, au mkunga, eti alichelewa.

Wazungu nao walikwama hapo hapo. Daktari William Little wa London alihusisha ulemavu huu na uzazi mgumu tangu 1861. Mwaka 1897 Sigmund Freud (ndiye yule yule) akahoji: je, uzazi mgumu hauwezi kuwa dalili tu ya tatizo lililoanza tumboni? Mwaka 1997 Judith Grether na Karin Nelson walichapisha uchunguzi wa California wa watoto wenye uzito wa kawaida. Mama kuwa na homa ya zaidi ya nyuzi 38 wakati wa uchungu kuliendana na ongezeko la takriban mara 9 la mtindio wa ubongo usiojulikana sababu. Tena watoto wa mama wenye maambukizi walizaliwa wamelegea, wengine wakipata degedege, na kuandikiwa kwamba walikosa hewa!

Majaribio ya wanyama yanatusaidia kuelewa. Mwili ukipambana na vijidudu humwaga kemikali zinazoudhoofisha ubongo mchanga, hata upungufu mdogo wa hewa ukaudhuru.

Sasa msiniambie, "basi wapewe wote antibayotiki." Uingereza walijaribu kwa wajawazito walioanza uchungu kabla ya wakati, chupa haijapasuka, wala hawana dalili za maambukizi. Ripoti ya 2008, watoto wakiwa na miaka 7, ilionyesha mtindio wa ubongo asilimia 3.3 kwa waliopewa erithromaisini, dhidi ya 1.7 kwa wasiopewa. Mwenye maambukizi atibiwe haraka. Asiye nayo asimezeshwe dawa kwa hofu.

Tunachokosa ni maswali: joto la mama lilikuwa ngapi? Chupa ilipasuka saa ngapi? Kondo la nyuma lilichunguzwa, au tulilizika pamoja na ushahidi? Hadi hapo, "amechoka" si jibu.