Mzimu au Mkono wa Mtu? Tahakiki Fupi ya Mzimu wa Watu wa Kale

Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, ndiyo iliyomleta Bwana Msa kwa wasomaji. Tahakiki hii inakusudia kuonyesha kwamba riwaya hii, pamoja na kuuliza nani ameua, inauliza pia kwa ushahidi gani mtu huitwa muuaji.

Maiti ya Bwana Ali, mwenye shamba, inakutwa mzimuni. Hapa yafaa tumtahadharishe mwanafunzi wetu. Katika Kiswahili cha Katanga mzimu ni roho ya mfu. Katika riwaya hii ni mahali pa kutambikia wa kale. Anayetazamia kuona roho ikitembea atapotea njia. Wapo wanaodhani kwamba wa kale ndio waliolipiza kisasi. Bwana Msa, na kiko chake, akiwa pamoja na sahibu yake Najum, halipokei jibu hilo. Anapima maneno ya kila mtu, kisha anaugeukia ukoo wenyewe. Siri za nasaba, ambazo Abdulla alizirudia katika riwaya zake za baadaye, ndizo giza halisi la kazi hii.

Kwa msomaji wa Sandoa jambo hili si mchezo. Katika vijiji vyetu kifo cha ghafla hutafutiwa mlozi, na kidole humwelekea aliye karibu: mjomba mzee, mjane, hata mtoto. Uvumi hugeuka hukumu kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Bwana Msa anatufundisha kuuliza kwanza.

Hata hivyo, fani ina udhaifu. Ufumbuzi umewekwa karibu wote kinywani mwa mpelelezi, na wahusika wengine wanabaki wasikilizaji. Aidha, siri ikishafichuka riwaya inakoma. Hatuonyeshwi jinsi ndugu waliotuhumiana watakavyokula tena chungu kimoja. Kwetu, hapo ndipo kazi ngumu huanzia.

Pamoja na hayo, riwaya hii inastahili kusomeshwa. Inatukumbusha kwamba mzimu hauwezi kujitetea. Kwa hiyo ni rahisi kuusingizia.