Watu wa Buja, nendeni Ujiji!

Niacheni niseme kabla furaha haijapoa: Ujiji inatembeleka kwa miguu, nusu siku tu, na jua likishuka unaweza kulala kilimani juu ya Tanganyika huku pundamilia wakikatiza bustanini! Sisi wa Bujumbura tukitaka mapumziko tunakimbilia ufuko wa Saga kula samaki wa mukeke, wenye uwezo wanapanda ndege kwenda Zanzibar, na mji uliotuzaa tunaupita kama hatuujui. Nimeuona sasa kwa mara ya kwanza. Sitaki mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi azeeke bila kuuona.

Nasema uliotuzaa, na simaanishi kupamba maneno. Kaa na wazee kwenye baraza yoyote ya Buyenzi, uliza babu zao walitoka wapi, na Ujiji itatajwa mapema. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa huko, watu wa pwani, Waarabu na Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, walikuwa wakipanda kaskazini kwa mitumbwi mpaka Uzige, yaani ufuko huu huu ambao leo tunauita Bujumbura. Rumaliza, ambaye jina lake hasa ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alijijengea nguvu Ujiji kisha akataka kuingia Burundi kwa silaha, na mfalme Mwezi Gisabo akamzuia. Kilichoweza kuingia na kukaa ni Kiswahili, Uislamu, kanzu, na namna ya kupika wali.

Safari yenyewe ni sehemu ya utamu. Shika barabara ya kusini, ziwa likiwa kulia kwako, na kabla hujazoea kiti simama Mugere. Pale juu kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi wetu tumepigia picha jiwe lile tangu utotoni, wengine wakiamini ndipo wazungu wale walipokutana. Walikutana Ujiji, wiki chache kabla. Mugere walilala tu, wakiwa safarini kwa mtumbwi kuelekea kaskazini kuuangalia mto Ruzizi, maana Ulaya ilikuwa ikibishana kama Nile inatokea huku. Walifika, wakaona maji ya Ruzizi yanaingia ziwani, hayatoki. Kwa hiyo ukitoka Mugere kwenda Ujiji unaifuata safari yao kinyumenyume, kutoka jibu kwenda kwenye swali, na mimi hilo lilinisisimua njia nzima: michikichi ya Rumonge, ndizi za Nyanza-Lac, mlima wa Mabanda, mpaka wa Mugina na Manyovu, kisha lami inayoteremka hadi Kigoma.

Kutoka Kigoma mjini panda daladala au bajaji, ni mwendo mfupi sana, na ghafla uko ndani. Baraza mbele ya nyumba, misikiti, miembe mikubwa, wanawake wa kanga na ndoo za mawese, na Kiswahili! Kiswahili kile ndicho kilichonifanya nisimame. Lafudhi niliyokuwa nikidhani ni ya bibi zetu wa Buyenzi peke yao, nimeikuta kwa muuza dagaa kijana kabisa. Nilipomwambia natoka Buja akaniita shemeji, akaongeza fungu bila kuulizwa.

Hapa ndipo barabara ya misafara ilipoishia, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu walipita hapa wakiwa wamefungwa, wengi wao kutoka ng'ambo, upande wa Manyema. Tanzania imeiweka njia hiyo tangu 2006 kwenye orodha ya sehemu inazozipendekeza ziwe Urithi wa Dunia. Ukitembea chini ya miembe ile usiwe na haraka. Ni kivuli kizuri, na walioletwa chini yake hawakuja kupumzika.

Makumbusho ya Livingstone ndipo penyewe! Kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika iliyokatwa na msalaba, umesimama mahali ulipokuwa mwembe wa mkutano wa 1871. Mwembe wa asili ulikufa zamani, lakini miembe iliyopo jirani inasemekana ni uzao wake. Ndani kuna sanamu za mzungu mmoja na mwenzake wakisalimiana, kofia mkononi, kubwa kama watu wazima. Watalii wanapiga picha hapo na kuondoka. Mimi nawaomba mkae, mwulizeni mwongoza wageni habari za watu wawili wengine.

Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India kisha akarudi akiwa huru. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Wazungu wa kwanza wanaojulikana kulifikia ziwa hili, Bombay alikuwa nao. Stanley alipoingia 1871 na bendera ya Marekani mbele na bunduki zikipigwa hewani, Bombay alikuwemo tena katika msafara. Wa pili ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye alimkimbilia Stanley njiani kumsalimia kabla bwana wake hajajua nani anakuja. Livingstone wakati huo alikuwa hoi. Bidhaa zake zilizotumwa Ujiji zilikuwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa kuzitunza. Miaka miwili baadaye Susi na mtumishi mwenzake Chuma ndio walioongoza wenzao kuubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Kwangu mimi Ujiji ni mji wa Bombay na Susi. Wangestahili sanamu pale pale, na kofia ziwe kwao.

Jambo lingine la kushangaza: ukisimama kwenye mnara, ziwa liko mbali. Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi, kwa sababu mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka Tanganyika, ulikuwa umeziba. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kilivunjika, maji yakakimbilia Kongo na ziwa likashuka mita kadhaa. Sisi ambao juzi juzi tumeona Gatumba ikimezwa na maji tuna kila sababu ya kuutazama ufuko huo kwa makini. Ziwa hili lina pumzi ndefu.

Sasa hoteli. Kigoma Hilltop, nje kidogo ya mji, imekaa kwenye rasi iliyoinuka juu ya maji, nyumba ndogo ndogo zimetawanyika katika bustani pana na pundamilia wanajilia majani wanavyotaka. Nilitoka kibarazani asubuhi nikakuta mmoja ananitazama! Ukipanga safari ya hifadhi ya Gombe kwa boti, kuwaona sokwe aliowafuatilia Jane Goodall kuanzia 1960, hapa ndipo pa kuanzia. Lakini hata usipokwenda popote, kaa kibarazani jioni. Milima ya Kongo inageuka ya zambarau, halafu nyeusi, kisha taa za wavuvi zinawaka moja moja hadi ziwa lote linakuwa mji.

Nikiwa pale niliwaza Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi walipokwama ufukweni Kagunga na meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Kwa familia nyingi za kwetu jina la Kigoma bado lina harufu ya kambi. Ndiyo maana nafurahi hivi, bila kujizuia: kuna utamu wa pekee kuingia kwa pasipoti yako, kwa hiari yako, ukakaribishwa chai, ukaulizwa unataka mgebuka wa kukaanga au wa kuchoma. Mgebuka ndio mukeke wetu, jamani, na walivyoupika kwa mawese sijawahi kula mtamu zaidi, Saga mnisamehe.

Basi mwenye mama mzee Buyenzi amchukue wakati miguu ingali na nguvu. Lalani Kigoma, si kwenda na kurudi mbio. Na mkitaka kuziona zile taa, nendeni giza la mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawatoki. Epukeni pia miezi uvuvi unapofungwa, ambayo mwaka 2024 upande wa Tanzania ilikuwa 15 Mei hadi 15 Agosti.