Suluhisho au Myeyusho? Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Kupima Chumvi ya Maji ya Bahari

Kazi ya istilahi haipimwi kwa wingi wa maneno yaliyosanifiwa, bali kwa yale yanayotokea pale mtu asiyeijua lugha ya asili anapoyategemea maneno hayo kufanya kazi yake. Katika utawala, neno lisilofaa aghalabu huweza kusahihishwa mezani kabla halijamdhuru mtu. Katika ufundi hali ni tofauti: mtu husoma, hutenda, na matokeo hayangoji kikao cha kamati. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuhakiki mwongozo mmoja mfupi uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaoeleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu pale kipimo cha chumvi kinapoonyesha tarakimu zisizo za kweli katika tangi la samaki wa baharini. Jina la mtengenezaji na la mfasiri hatutayataja, kwani shabaha yetu ni maneno, si watu.

Vifaa vya namna hii hutumika katika maabara za vyuo, katika vituo vya utafiti wa bahari, katika ufugaji wa kamba, na katika nyumba za watu wanaofuga samaki na matumbawe ndani ya matangi ya kioo. Mtumiaji anapopotoshwa, viumbe walio majini ndio wanaolipa. Hili si jambo dogo, kwani samaki wa baharini wanaweza kustahimili mabadiliko kidogo, lakini matumbawe na wanyama wa baharini wenye miiba hudhurika upesi.

1. Kifaa hiki hupima nini?

Kosa la kwanza limo katika jalada. Mwongozo unakiita kifaa hiki "kipima chumvi", na katika ukurasa wa pili unasema kwamba "kinahesabu chumvi iliyomo majini". Hakifanyi hivyo. Ncha inayochovywa majini ina vipande viwili au zaidi vinavyopitisha umeme. Kifaa hupima jinsi umeme unavyopita kati ya vipande hivyo, hupima na joto la maji, kisha hukokotoa kiasi cha chumvi kutokana na mambo hayo mawili. Maji ya bahari yenye uchumvi wa 35 hupitisha umeme kwa kiasi cha milisimensi 53 hivi kwa sentimita yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Maji hayo hayo, na chumvi yake ile ile, yakipozwa hadi nyuzi 15 hushuka mpaka karibu milisimensi 43. Chumvi haikupungua hata chembe; kilichobadilika ni joto.

Msomaji asiyeambiwa jambo hili hawezi kuelewa sehemu yote inayofuata, kwa sababu karibu kila hitilafu inayotajwa humo ni hitilafu ya umeme au ya joto. Kwa nini kiputo cha hewa kilichonasa katika ncha kipunguze "chumvi"? Kwa nini ukoga wa chokaa ufanye vivyo hivyo? Kwa nini pampu inayovujisha umeme ifanye tarakimu ziruke-ruke? Aliyeambiwa kwamba kifaa hupima upitishaji wa umeme atajibu maswali hayo mwenyewe. Aliyeambiwa kwamba kinahesabu chumvi atabaki kukariri.

Kuhusu dhana yenyewe, tunapendekeza neno "uchumvi". Wapo watakaosema kwamba chumvi yatosha. Lakini chumvi ni kitu, na kinachopimwa hapa ni hali ya maji kuwa na kitu hicho kwa kiwango fulani. Lugha yetu ina njia ya kuonyesha tofauti hiyo: rafiki ametupa urafiki, na jamaa ametupa ujamaa. Tukisema "ongeza chumvi" tunamwagiza mtu akachukue mfuko; tukisema "ongeza uchumvi" tunamwambia hali inayotakiwa, naye ataangalia njia.

2. Uchunguzi unaosafishwa kwa siki

Ncha tuliyoieleza hapo juu mwongozo unaiita "uchunguzi". Tunasoma: "Safisha uchunguzi kila baada ya wiki mbili", na mbele kidogo, "Uchunguzi usiachwe ukauke." Ni wazi kwamba mfasiri alikuta neno la Kiingereza linalotumika kwa chombo na pia kwa kazi ya tume, akachukua maana ya pili. Mtumishi wa serikali atacheka, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili hatajua ni kipi cha kusafisha. Neno "kihisio" limekwisha kuzoeleka kwa kila kitu kinachohisi joto, mwanga au umeme, nalo lingetosha. Pale inapobidi kutofautisha kihisio kinachotumbukizwa majini na kile kilichokazwa ndani ya bomba, twaleta mbele ya wasomaji neno "kichovyo", kutokana na chovya, kama vile kizibo kilivyotokana na ziba.

Kadhalika, mwongozo unazungumzia "usomaji usio sahihi". Kwa Kiswahili, anayesoma ni mtu. Usomaji ukiwa mbaya, lawama ni ya msomaji, labda miwani yake. Hapa kilichokosea ni kifaa, nacho hakisomi bali huonyesha. Ingetosha kusema "kifaa kinaonyesha kiasi kisicho sahihi". Vivyo hivyo "fidia ya joto": fidia ni malipo ya anayepoteza shamba lake barabara inapopita. Kinachofanywa na kifaa ni kusahihisha hesabu kwa kuzingatia joto, kwa hiyo "sahihisho la joto" linaeleweka bila kamusi.

3. Suluhisho linalomwagwa tangini

Tunafika sasa kwenye kosa lililo zito zaidi. Hatua ya tano inasema: "Ikiwa usomaji bado ni wa chini, tumia suluhisho la kurekebisha lililomo katika pakiti." Katika Kiingereza neno moja hubeba jawabu la tatizo na pia maji yaliyoyeyushiwa kitu. Kiswahili hakina ugumba huo. Suluhisho ni jawabu, ni mapatano baada ya ugomvi. Maji yenye kitu kilichoyeyuka shule zetu huyaita "myeyusho", na wengine husema "mmumunyo". Aidha, "kurekebisha" ni kutengeneza kilichoharibika. Basi msomaji mwenye akili timamu ataielewaje sentensi hiyo? Maji ya tangi yana kasoro, na ndani ya pakiti mna dawa ya kuyatengeneza. Ataikata pakiti na kuimwaga tangini. Ametii maandishi neno kwa neno.

Kilichokusudiwa ni kwamba kihisio kitumbukizwe katika myeyusho ambao upitishaji wake wa umeme unajulikana, kisha kifaa kiambiwe: hapa ndipo 53. Kwa kitendo hiki mwongozo unatumia maneno matatu kwa zamu, yaani kurekebisha, kusawazisha na kulinganisha, kana kwamba ni vitendo vitatu. Tunalo neno moja la zamani linalofaa: "kugeza". Anayegeza hupima kitu kwa kukifuatisha na kingine, na kile kinachofuatishwa ni kigezo. Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kutumia neno "ugezi" kwa maabara yake ya vipimo. Hivyo tungesema: "Geza kifaa kwa kutumia myeyusho wa kigezo." Jina la kitendo na jina la chombo yametoka katika shina moja, na maana inajieleza.

Usahihi wa neno hili una uzito, kwa kuwa kigezo chenyewe huweza kuwa chanzo cha hitilafu. Pakiti iliyoachwa wazi hupoteza maji kwa mvuke, na chumvi hubaki. Tuseme myeyusho ulioandikwa 53 umekwisha kufika 56. Kifaa kikigezwa kwa huo, kitaambiwa kwamba 56 ni 53, na tangu hapo kitaonyesha pungufu siku zote. Kiputo cha hewa huleta upungufu. Ukoga wa chokaa huleta upungufu. Kigezo kilichokauka huleta upungufu. Mwenye tangi akiona 31 mahali pa 35 huongeza chumvi, na maji ambayo hayakuwa na kasoro hupanda hadi karibu 39. Hitilafu tatu za kawaida zinamsukuma upande mmoja, ule wa kuua. Mwongozo ulipaswa kumwonya kabla ya jambo lingine lolote asiongeze chumvi mpaka amekigeza kifaa upya. Onyo hilo limo, lakini linasema "usifanye marekebisho kabla ya kurekebisha", na hivyo halimwonyi mtu yeyote.

4. Asilimia na elfu

Katika jedwali la ukurasa wa saba tunakuta kwamba maji ya bahari yana chumvi "asilimia 35". Bahari hiyo haipo. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 hivi katika kilo moja, yaani 35 kwa elfu, au asilimia 3.5. Anayechukua jedwali hilo kwa uaminifu atatia gramu 350 mahali pa 35, na atakuwa amekaribia mpaka ambapo chumvi ya mezani hukataa kuyeyuka. Ni vema ifahamike pia kwamba katika kipimio cha kimataifa cha mwaka 1978 uchumvi hauna kizio chochote: 35 ni maji ambayo, katika nyuzi 15, hupitisha umeme sawa na myeyusho wa kloridi ya potasiamu wenye gramu 32.4356 katika kila kilo. Kwa hiyo mfasiri akikuta tarakimu tupu asiivalishe alama ya asilimia kwa kuihurumia.

5. Maji baridi na maji ya betri

Mwisho, mwongozo unaagiza kihisio kisuuzwe kwa "maji baridi". Kwetu maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, na pia ni maji yaliyopoa. Katika kazi ambayo joto ni nusu ya kipimo, utata huo haufai. Lililotakiwa ni "maji yaliyokenekwa". Mtu wa mtaani atauliza kama hayo ndiyo maji ya betri. Na hapo pana hatari, kwa kuwa jina hilo baadhi ya watu hulitumia hata kwa tindikali ya betri. Mfasiri aandike jina sanifu, kisha aongeze maelezo ya sentensi moja.

6. Mapendekezo

Haki inatutaka tuseme kwamba mwongozo huu una mema yake. Hatua zimepangwa vizuri, amri ni fupi, na picha zinasaidia. Tena kosa si la mfasiri peke yake. Mtu aliyepewa maandishi bila kuonyeshwa kifaa, na orodha ya maneno inayotoa neno moja kwa neno moja bila kutaja uwanja wa matumizi, atafanya nini ila kubahatisha?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha za istilahi zionyeshe uwanja kando ya kila neno, ili suluhisho la mgogoro lisiingie maabara. Pili, mfasiri wa maandishi ya ufundi akione kifaa kikifanya kazi kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Tatu, tafsiri ijaribiwe kwa kumpa mtu asiyeijua lugha ya asili, afanye kazi kwa kuifuata, huku mfasiri akitazama na kunyamaza. Iwapo mtu huyo atamwaga kigezo tangini, tafsiri irudi mezani.