Viota vya Maneno: Kuusifu Ustadi wa Mizizi katika Kirusi

Msamiati wa Kirusi, ambao humtisha mwanafunzi mgeni kwa urefu wa maneno yake na kwa konsonanti zinazofuatana bila irabu ya kuzitenga, una mpango wa ndani ambao wajuzi wa zamani waliuheshimu. Maneno yake mengi hutokana na mizizi, yaani vipande vifupi vinavyobeba maana ya msingi, na kila mzizi hukusanya uzao wake kwa viambishi vinavyoutangulia na vinavyoufuata. Kundi la maneno ya mzizi mmoja Warusi huliita «gnezdo», yaani kiota, na kujifunza lugha kwa kukimaliza kiota kimoja kabla ya kuingia kingine ni ufundi ambao leo unazidi kupungukiwa na watu wa kuuthamini.

Ufundi huo una nasaba ndefu. Kamusi ya kwanza ya Akademia ya Urusi, iliyotolewa kwa juzuu sita kati ya 1789 na 1794, ilipangwa kwa mizizi. Lakini fundi anayekumbukwa zaidi ni Vladimir Dal, aliyezaliwa Lugansk mwaka 1801 kwa baba Mdenmarki, akawa ofisa wa jeshi la majini, kisha tabibu, kisha mtumishi wa serikali, na katika kazi zote hizo hakuacha kuandika maneno aliyoyasikia vinywani mwa wakulima na askari. Alianza mwaka 1819, akiwa safarini katika baridi kali, kwa neno alilolitamka mwendesha farasi wake kuhusu mbingu inayotanda mawingu. Dal mwenyewe amesimulia jinsi ngamia aliyebeba madaftari yake katika vita vya Urusi na Waturuki alivyopotea na mzigo wake, hata Wakozaki wakampata na kumrudisha, na ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kuwaza ni maneno mangapi yangezikwa siku ile. Kamusi yake ya juzuu nne, iliyotoka kati ya 1863 na 1866, ina maneno yapatayo 200,000 na methali zipatazo 30,000, na sehemu kubwa ya maneno hayo imeketi viotani, kwa kuwa Dal aliona kwamba alfabeti ikiachiwa itawale peke yake huwatenganisha ndugu wa damu. Wakosoaji walionyesha kwamba aliwahi kuwaweka pamoja wasiohusiana, kama vile «dyshat», kupumua, na «dyshlo», mti wa kufungia farasi kwenye gari, ambao jina lake lilitoka Ujerumani. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyependa mno kuona udugu, nalo ni jepesi kulisamehe kuliko uvivu wa kutoutafuta kabisa.

Uzuri wa kiota huonekana vyema katika mzizi «khod», unaosomwa kwa kh ile ya «kheri», na ambao maana yake ni mwendo, hasa wa miguu. Ukitanguliwa na «v», kiambishi cha kuingia ndani, huwa «vkhod», mahali pa kuingilia. Ukitanguliwa na «vy», cha kutoka nje, huwa «vykhod», mahali pa kutokea. Na kwa «pere», kinachoashiria kuvuka, hupatikana «perekhod», ambacho mjini ni kivuko cha waendao kwa miguu. Hadi hapo maana zinatabirika, na mwanafunzi angeweza kudhani kwamba mambo ni hesabu tu. Ndipo hutokea «dokhod», kwa kiambishi cha kufikia, nalo ni pato, yaani mali inayomfikia mtu. Na mbele yake husimama «raskhod», kwa kiambishi cha kutawanyika, nalo ni matumizi, yaani mali inayomtoka mtu na kushika kila njia. Daftari zima la mfanyabiashara, pato upande huu na matumizi upande ule, limeandikwa kwa lugha ya miguu. «Voskhod» ni kuchomoza kwa jua, na mwaka 1964 Wasovieti walilitwaa jina hilo kwa chombo chao cha angani. «Parokhod», lililounganishwa na neno la mvuke, ni meli. Na Novemba 1970, gari lisilo na dereva lilipoanza kutembea juu ya mwezi, lugha haikuhitaji kukopa popote, maana «lunokhod» lilikwisha kuwa na mahali pake kiotani kabla halijatamkwa.

Kinachowakwaza wengi ni kwamba mzizi haubaki na sura moja, kwa sababu konsonanti ya mwisho hulainika ikikutana na sauti fulani: «khodit» ni kwenda lakini «khozhu» ni ninakwenda, na «ruka», mkono, huzaa «ruchka», kalamu. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa sana, kwa kuwa yeye husema linda na mlinzi, pika na mpishi, penda na mpenzi, wala hajawahi kudhani kwamba mlinzi hana uhusiano na kulinda. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Moscow katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, walianza kwa masomo ya maandalizi ya lugha, na jina lenyewe la chuo lilikuwa somo la kutosha: lilitaja «druzhba», urafiki, neno lililotoka kwa «drug», rafiki, kwa mabadiliko yaleyale ya sauti.

Kazi ya kupanga viota haikukoma na Dal. Mwaka 1985 Aleksandr Tikhonov alitoa kamusi ya uundaji wa maneno, juzuu mbili zenye maneno yapatayo 145,000, ambamo kila neno linaonekana limezaliwa na lipi na limezaa yapi. Kilichokoma, au kinachoelekea kukoma, ni subira ya msomaji. Mwanafunzi wa sasa hupewa orodha ya maneno yaliyopangwa kwa wingi wa kutumika kwake, au programu ya simu inayomrushia neno moja na picha yake, na kumpongeza kwa kengele kabla hajaliangalia mara mbili. Programu hizo zinafundisha, hilo halikataliki. Ila zinafundisha maneno yasiyo na jamaa. «Uchit», kufundisha, na «uchitel», mwalimu, zitawekwa katika somo la shule. «Nauka», sayansi, itakuja miezi baadaye kama neno gumu jipya. «Privychka», mazoea, itaingizwa kwenye mazungumzo ya afya, na «obychai», desturi, kwenye ukurasa wa ngoma na mavazi. Hayo yote yametoka katika mzizi mmoja wa kale, kwa watu ambao kwao kufundishwa kulikuwa ni kuzoeshwa, na mwanafunzi aliyeyakariri moja moja anaweza kuyatumia kwa usahihi katika mtihani, akafaulu, akapewa cheti, bila neno lolote kati ya hayo kumkumbusha jingine.